Mwalikaji wa Picha za Kifua

Jumatatu, tarehe 7 Septemba 1987, nilikuwa nafagia ua wa nyumba yetu ya Ngamiani, mjini Tanga, kabla ya kwenda kazini, nilipoyaona maneno yangu mwenyewe yamelala chini, karibu na mtungi wa maji. Yalikuwa kwenye kipande cha msokoto wa tumbaku kilichozimwa kwa kusuguliwa ukutani. Nilikiokota, nikakikunjua, tumbaku iliyosalia ikanimwagikia kiganjani, na kwenye karatasi iliyoungua nusu nikasoma: "…kila anayevuta au aliyewahi kuvuta, hata kama hakohoi…"

Nilikuwa nimeyaandika mimi. Nilikuwa mwalimu wa elimu ya watu wazima, na wiki mbili kabla ya hapo daktari mmoja wa hospitali yetu alinijia na ombi. Kwa miaka kadhaa mashine yake ya eksirei ilikaa tu kama kabati tupu, kwa sababu hapakuwa na filamu. Ile ilikuwa miaka ambayo mgonjwa alikwenda hospitali na sabuni yake, na bandeji yake, na pengine hata taa yake. Mwaka ule mambo yalikuwa yameanza kulegea. Madukani zilionekana kanga mpya na betri na sabuni za manukato, na hospitalini yakafika makasha ya filamu, msaada kutoka nje, ambayo tatizo lake lilikuwa moja: muda wake wa kutumika ulikuwa unakaribia kwisha. Badala ya kuziacha ziharibike, daktari aliamua kutenga asubuhi kadhaa awapige picha ya kifua watu waliovuta tumbaku kwa muda mrefu.

"Wanaoumwa?" nilimuuliza.

"Wasioumwa."

Nilishangaa. Sikuwahi kusikia mtu akiitwa hospitali kwa sababu ni mzima. Nikamwomba anieleze, naye akanieleza bila haraka, kama mtu aliyengoja muda mrefu kuulizwa. Mwenye kuumwa, alisema, huja mwenyewe. Lakini saratani ya mapafu hukaa kimya. Inapoanza kumsumbua mtu hata akashtuka, mara nyingi imekwisha kujenga na kuezeka. Picha ile haioni kila kitu, alikiri, na yako madogo yatakayompita; lakini kitu kilichoonekana mapema, mtu akiwa bado anatembea kwa miguu yake, daktari anaweza kukitafutia njia.

Nilirudi ofisini nikaandika tangazo. Nikalichapa kwenye stensili, nikalitoa kwa mashine yetu ya kurudufu, kwenye karatasi nyembamba tulizokuwa tumebakiza, nikazigawa misikitini, sokoni na kwenye madarasa yangu ya kina mama. Zilikwisha kwa kasi ambayo sikuitegemea. Watu walirudi kuniomba nyingine. Nilifurahi, nikadhani nimegusa mahali.

Asubuhi ya kwanza ya picha hakuja mtu. Ya pili pia. Na sasa nilikuwa nimesimama uani na jawabu la nusu ya kitendawili mkononi.

Msokoto ule ulikuwa wa mama mkubwa. Alikuwa dada mkubwa wa mama yangu, mjane, na ndiye aliyenilea tangu mama aliponivusha kutoka Pemba nikiwa binti mdogo nije kusoma Tanga. Alivuta tumbaku tangu usichana wake. Hakuvuta barazani wala mbele ya wakwe. Alivuta uani, kwenye kigoda chake, baada ya sala ya alfajiri na baada ya chakula, na wageni wengi waliomjua miaka nenda rudi hawakujua kwamba anavuta. Sigara zilipoadimika alirudia tumbaku ya jani, akaikata mwenyewe na kuisokota kwa karatasi yoyote aliyoipata. Kila alfajiri alikohoa, kikohozi kirefu kikavu, kwa namna iliyokwisha kuwa sehemu ya nyumba. Mimi nilikitumia kuamkia. Tangazo lote lile, pamoja na kuligawa mji mzima, nililiandika nikiwa na kifua hicho kimoja akilini.

Alikuwa jikoni, akikuna nazi.

"Shikamoo, mama mkubwa."

"Marahaba, mwanangu. Umeamka?"

"Nimeamka. Hii nini?"

Aliitazama kidogo, akaendelea kukuna. "Karatasi."

"Umeisoma?"

"Nimeivuta."

"Mama mkubwa!"

"Karatasi nzuri mno, wallahi. Laini, haina ukali. Zile za daftari zanikwaruza koo." Aligeuza kifuu cha pili. "Umebakisha nyingine?"

Nilitaka kukasirika, nikashindwa. Mchana wake nilipita mtaani nikiwa na macho mapya, na kila nilipogeuka nikalikuta tangazo langu likifanya kazi ya halali ambayo sikulituma: limefungia karanga, limefungia bizari, limeziba tundu la kibatari. Nilisimama kwa jirani yetu aliyeuza karanga kizingitini kwake, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuitia watu ng'ambo ya barabara, nikamuuliza waziwazi kwa nini hakuja hospitali, naye alikuwa akivuta sigara zake kila magharibi.

"Picha ya nini, nami sina safari?"

"Picha ya kifua, bibi. Ya ndani."

"Ndani wanatafuta nini ambacho nje hawajakiona?" Wateja wake wakacheka. Kisha akapunguza sauti. "Sikiza, mwana. Kwanza yule mpiga picha ni mwanamume, na tumesikia mtu huvuliwa. Pili ukitoka pale watu wanakuandika kifua kikuu, au hayo maradhi mapya, mkwe anamrudisha mtoto wangu nyumbani. Tatu…" Alinikabidhi karanga zangu zilizofungwa kwa maneno yangu. "Tatu, hukutualika."

"Si nimekupa tangazo mkononi?"

"Tangazo ni la kila mtu. Mimi ni kila mtu?"

Hilo la tatu alilisema kama mzaha, lakini ndilo nililoondoka nalo. Nilililea njia nzima. Mjini kwetu mtu hahudhurii shughuli kwa kusikia tu. Harusi, arobaini, hitima, mtoto kutolewa nje: mwenye shughuli humtuma mwalikaji, mwanamke anayepita mlango kwa mlango, naye humwita kila mtu kwa jina lake. Mwalikaji hodari hakai, hanywi maji, wala haachi mtu nyuma. Akisahau bibi mmoja aliyekuwa chooni, bibi yule hatakuja na atayakumbuka mpaka kaburini. Kuja bila kualikwa ni kujipeleka. Na mimi, niliyelelewa na watu hao hao, nilikuwa nimewataka wajipeleke, tena mahali penye haya na hofu.

Mwalikaji mkubwa kuliko wote wa mtaa wetu alikuwa uani kwangu, akivuta tangazo.

Usiku ule, tulipomaliza kula, nilimpa wazo langu. Alilikataa kabla sijalimaliza.

"Mimi naalika watu harusi. Sialiki watu maradhi."

"Si maradhi, mama mkubwa. Ni kutazamwa."

"Kutazamwa na nani? Nikifika mlangoni nikasema nimetumwa, nitaulizwa nimetumwa na nani. Niseme nani, Serikali? Serikali ina shughuli kila siku, nani huenda?"

"Useme umetumwa na mimi."

Aliisukuma sahani pembeni. Nilijua nimepata pa kushika, kwa sababu alianza kuuliza maswali ya kazi. Mwenye shughuli akiwa mimi, wageni watakula nini? Watakaa wapi? Watavaa nini? Wakivuliwa, watavuliwa nini, na nani atakuwa ndani? Mwalikaji, alisema, hatoki nyumbani bila kujua atakaloulizwa. Katika yote hayo sikuwa na jibu hata moja, na jambo hilo lilinivutia kuliko lilivyonitahayarisha: nilikuwa nimewaita watu kwenye chumba ambacho mwenyewe sikuwahi kukiona.

Kesho yake nilikwenda hospitali nikaomba nipigwe picha mimi. Mpiga picha alikuwa kijana wa Kibondei kutoka Muheza, mpole, mwenye mazoea ya kumwomba radhi kila mtu kwamba bamba la mashine ni la baridi. Alinionyesha kila kitu. Nguo hazikuhitaji kuvuliwa zote. Kanga moja isiyo na kifungo wala pini ilitosha, na mtu aliweza kujifunga mwenyewe nyuma ya pazia. Kilichotakiwa kutolewa ni chuma na madini: mkufu, vipini, vifungo, na hirizi iliyotiwa ndani ya fedha au bati, kwa sababu huacha kivuli cheupe mahali panapotakiwa kuonekana pafu.

"Vuta pumzi. Zuia." Kikasikika kishindo kidogo. "Pumua. Samahani kwa baridi."

Kisha akaichukua picha yangu, ikiwa bado mbichi, akaielekeza kwenye dirisha. Sikuwa nimejiandaa kwa nilichokiona. Mbavu zangu zilikuwa zimepangana kama makuti juu ya paa, moyo umelala upande kama mtu aliyechoka, na pembeni kwake kulikuwa na viwanja viwili vya giza, vikubwa kuliko nilivyofikiri. "Hilo giza ndiyo hewa," alisema. "Giza hapa ni jambo zuri." Nilisimama pale muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Nilikuwa nimeishi na kile kitu kwa zaidi ya miaka thelathini, na ilikuwa mara ya kwanza kukiona.

Niliomba nipewe picha ile niende nayo nyumbani, nikaining'iniza kwenye dirisha la ua. Mama mkubwa aliizunguka kama anayekagua kitambaa dukani.

"Huyu ni wewe?"

"Ni mimi."

"Mwembamba namna hii, na pilau yote ile!" Alisogea. Akaweka kidole karibu na ubavu mmoja bila kuugusa. "Na ya mtu avutaye tumbaku iko vipi?"

"Sijui," nilisema. "Ndiyo ningependa kuiona."

Alirudi jikoni kwake. Lakini jioni aliingia chumbani, nikasikia anavuta kitu kizito kutoka uvunguni, akatoka na chungu alichokifunga kwa kitambaa. Kilikuwa kimejaa sukari. Alikuwa ameikusanya tangu siku za foleni, konzi kwa konzi, na sukari ilipoanza kuonekana tena madukani hakuiamini. "Shughuli bila chai ya sukari ni kikao," alisema. "Mimi sialiki watu kikaoni."

Siku mbili alialika. Nilimfuata nyumba chache za mwanzo, kwa udadisi tu, nikisimama hatua moja nyuma yake. Alivaa buibui lake zuri na viatu vya Idi.

"Hodi wenyewe!"

"Karibu, karibu ndani."

"Sikai. Nimetumwa."

"Umetumwa na nani?"

"Nimetumwa na mwanangu mwalimu. Anakusalimu, anakwambia Jumamosi asubuhi ana shughuli yake kule hospitali. Watu wanatazamwa vifua. Anakutaka wewe kwa jina lako, na mama mkwe wako, na yule mdogo wako wa Tongoni kama yupo. Havuliwi mtu, unakwenda na kanga yako. Chai ipo."

"Na hirizi?"

"Hirizi nitashika mimi."

Hilo la hirizi lilikuwa lake mwenyewe; sikulifikiria. Wanawake wa kwetu wengi walikuwa na hirizi shingoni au mkononi, nyingine zimefungwa tangu utotoni, na kumvulia mwanamume mgeni kitu hicho kulikuwa kugumu kuliko kumvulia nguo. Lakini kumkabidhi mwalikaji, mwanamke aliyewahi kushika dhahabu za maharusi mtaa mzima bila kupotea hata kipini, hilo liliwezekana.

"Tumepokea," walisema, mlango baada ya mlango. Kwa muuza karanga alisema neno moja zaidi: "Na picha yako haining'inizwi stesheni watu wakuandike kifua kikuu. Nimeuliza."

Jumamosi walikuja. Walikuja kama wanavyokuja shughulini, kwa makundi, wametia wanja, wengine na watoto mgongoni, na nyuma yao wanaume wachache wakijifanya wamepita tu. Daktari alitoka mlangoni, akatazama, akarudi ndani kutafuta viti. Chai ilipikwa chini ya ukuta wa hospitali na maandazi yakapita kwa sinia. Mama mkubwa aliketi mlangoni pa chumba cha picha na leso kubwa mapajani. Kila aliyeingia aliinama, akamnong'oneza, akamkabidhi. Kila aliyetoka alirudishiwa chake bila kuuliza. Ndani nilimsikia kijana wa Kibondei akiomba radhi kwa baridi, na muuza karanga akimjibu kwa sauti ya barabarani, "Baridi si neno, baba, umenionaje lakini? Kuna mtu humo?"

Asubuhi zilizofuata walikuja wengine walioalikwa, na baada yao wa mitaa ya jirani, ambao nao walidai waalikwe, wakaalikwa. Mmoja wa wanaume alikutwa na kifua kikuu akaanzishiwa dawa. Wengi waliambiwa vifua vyao havionyeshi kitu, na daktari hakuchoka kuwaambia kwamba hiyo si ruhusa ya kuvuta. Nilitembea kwenye veranda ile nikiwa na raha ya mtu ambaye shughuli yake imejaa.

Ilikuwa siku moja kabla ya ile ya mwisho, kijana wa picha aliponiambia kwamba kasha lililobaki ni la kesho tu, ndipo nilipomtazama mama mkubwa akikunja leso yake tupu, nikatambua kwamba katika siku zote zile hakuondoka kwenye kiti chake hata mara moja.

"Mama mkubwa, na wewe?"

"Na mimi nini?"

"Hujapigwa picha."

Alinitazama kama niliyesema jambo la kitoto. "Mimi ni mwalikaji. Mwalikaji haalikwi." Na hakuwa anakwepa, au hakuwa anakwepa tu, hiyo ndiyo iliyokuwa desturi. Katika harusi zote alizozijaza, yeye hakuwa na mahali pa kuketi. Alihudumia, alishika vitu vya watu, na sahani yake ililetwa nyumbani usiku imefunikwa kawa. Mtu mmoja tu mtaani, basi, hakuitwa kwa jina lake, na nilikuwa nimemtuma mimi aite wengine.

"Nakuomba," nilisema.

"Nimechoka, mwanangu. Twende nyumbani." Akakohoa, akauweka mkono kifuani, akautoa haraka aliponiona.

Usiku ule sikumsemesha tena jambo hilo. Alfajiri kikohozi chake kilipoanza nilikuwa macho. Nilivaa buibui langu zuri na viatu vya Idi, nikatoka kwa mlango wa uani, nikazunguka nyumba kupitia uchochoro, nikasimama mbele ya mlango wetu wenyewe wa barabarani, nikagonga.

"Hodi wenyewe!"

Kandambili zikaburuzika ndani. Kisha sauti yake: "Nani huyo na asubuhi yote hii?"

"Hodi!"

Alifungua, kanga begani, msokoto ambao haujawashwa mkononi. Aliniona, akageuka kuangalia chumba changu ndani, akaniangalia tena.

"Umepatwa na nini? Ingia."

"Sikai. Nimetumwa."

Nilimwona anataka kucheka na uso unamkatalia. Jirani wa karanga alikuwa amekwisha kutoka kizingitini kwake na ufagio, hafagii. Mama mkubwa alimwona. Mwalikaji akikupigia hodi mbele ya watu, hujibu ovyo. Alijua hivyo kuliko mtu yeyote Ngamiani. Akajifunga kanga vizuri, akasimama sawasawa.

"Umetumwa na nani?"

Nilikuwa nimejiandaa kwa kila neno isipokuwa hilo. Nilitaka kusema nimetumwa na daktari, nikajua haitoshi. "Nimetumwa na yule mtoto uliyempokea bandarini," nilisema. "Anakusalimu. Anakwambia leo asubuhi ana shughuli yake hospitali, na anakutaka wewe kwa jina lako. Na hana mwingine anayemtaka."

Alimtupia jirani jicho. Akauingiza msokoto kwenye pindo la kanga.

"Na hirizi yangu," alisema, "atashika nani?"

"Nitashika mimi."

"Mwitikie basi, bibi wee," jirani alipaza sauti ng'ambo, "mtoto asimame mlangoni mpaka adhuhuri?"

"Nimepokea," alisema mama mkubwa.

Hirizi yake ilikuwa ndogo kuliko nilivyodhani, ya fedha, imelainika kwa jasho la miaka. Niliishika ndani ya leso, nikakaa kwenye kiti chake mlangoni, nikasikia, "Vuta pumzi, mama. Zuia." Na yeye, "Nizuie mpaka lini?"

Siku ya tatu daktari alituita. Aliiweka picha kwenye sanduku la taa, akamwonyesha yeye kwanza, si mimi, jambo ambalo mpaka leo nalikumbuka kwa heshima. Juu upande wa kulia, ndani ya lile giza zuri, palikuwa na doa jeupe dogo, lenye kingo zilizopindapinda. Alisema hajui ni nini. Alisema inaweza kuwa kovu la zamani, inaweza kuwa kitu kingine, na kwamba yeye hana vyombo vya kujua ila Dar es Salaam wanavyo. Na akasema pia, akichagua maneno, kwamba kama ni lile tunalolihofu, basi limeonekana likiwa bado dogo.

Mama mkubwa alilitazama doa lile kwa makini sana. Hakulia. Alinigeukia, akasema kwa sauti ya chini, kama anayemwonyesha mtu mgeni harusini: "Ndiye huyo, aliyekaa bila kualikwa."

Nimeyaandika haya nikiwa na umri unaokaribia aliokuwa nao yeye siku ile. Siku hizi ziko mashine zinazoona madogo zaidi kuliko ile, na wataalamu wanajua vizuri zaidi nani hasa anafaa kutazamwa. Lakini bado nawasikia watu waliovuta nusu ya umri wao wakisema wanangoja waumwe kwanza. Mimi mtu wa namna hiyo simpi karatasi. Namwendea mlangoni.

Na barua hii hapa chini niliiandika mwaka ule ule wodini Dar es Salaam, mama mkubwa alipokwisha kupasuliwa, nikampelekea mama yangu Pemba kwa mkono wa msafiri. Walijifunza kuvuta pamoja, yeye na dada yake, wakiwa wasichana, nyuma ya jiko la bibi yao.

*

Dar es Salaam,
8 Novemba 1987

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Mimi mzima, na dada yako ni mzima kwa kadiri ya mtu aliyepasuliwa ubavuni. Najua habari zilizokufikia zilikutisha, kwa hiyo naanza na mwisho: yuko hai, anakula uji, na amegombana na muuguzi. Madaktari walikata kipande cha pafu chenye lile doa. Ilikuwa saratani kweli. Wanasema hawakuona kwamba imekwenda mahali pengine, na kwamba watamtazama tena mara kwa mara. Hawaahidi zaidi ya hapo, nami siongezi. Daktari aliniambia kwamba kama tungengoja mpaka aumwe, mazungumzo yangekuwa mengine.

Maulidi tumeyasikia kwenye redio ya jirani wa kitanda. Dada yako alinyanyua mkono mmoja kuomba dua, wa pili unauma. Tumbaku ameacha, anasema hakuacha yeye, ameachwa nayo, maana hapa hakuna mtu wa kumpa. Kikohozi cha alfajiri kimenyamaza, na mimi sasa nachelewa kuamka.

Ananituma niandike haya kama anavyoyasema. Hodi, mdogo wangu. Sikai, na hata ningetaka kukaa ningeumia. Nimetumwa na mwanao. Anakusalimu, anakwambia ana shughuli yake Tanga, siku utakayoshuka bandarini ndiyo siku yenyewe. Daktari wa Tanga ameweka filamu moja. Havuliwi mtu. Chungu cha sukari kimebaki nusu. Anakutaka wewe kwa jina lako. Na mimi pia nakutaka, maana jani tulilisokota pamoja, na sitaki kutazamwa peke yangu.

Hirizi yako, mama, nitashika mimi.

Mwanao